Asetoni Kwenye Bawa

Mimi nina mdomo, sikatai. Mtu akikaa kwenye kiti changu na kuninyooshea vidole, kabla sijafika kidole cha tatu nimeshajua ana ugomvi na nani na unahusu nini. Watu wananiita Mama Kucha. Saluni yangu ni chumba kimoja chenye meza mbili, feni moja inayolalamika, na rafu ya chupa za rangi nilizozipanga kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na ole wake anayezivuruga. Siku aliyoingia Fundi Lifti alikuwa ameukumbatia mkono wake kama mtu aliyebeba yai. Mlango wa lifti ulikuwa umembana ukucha.

"Baba, hapa siyo hospitali," nikamwambia.

"Najua. Kule wataung'oa. Wewe utauokoa."

Jamani, mwanaume akikwambia hivyo, ovaroli limejaa grisi na macho yamelegea kwa maumivu, unafanyaje? Nikauokoa. Ukucha ukapona, na yeye akaendelea kuja. Mara amepita tu, mara alikuwa anatengeneza lifti jengo la jirani, mara ana swali kuhusu losheni. Losheni! Mtu mwenye mikono migumu kama tairi. Nikamwambia siku moja, "Fundi, sema unachotaka, mimi nina wateja." Akasema. Kumbe alikuwa anataka kunioa.

Na mimi nilitaka kuolewa, tena nilitaka sana, nisije nikajifanya hapa. Mume wangu wa kwanza aliondoka zamani, watoto hatukujaliwa, na nilikuwa nimechoka kupika kwenye sufuria ya mtu mmoja na kucheka peke yangu mbele ya televisheni. Lakini Fundi alikuwa na sharti.

"Binti yangu aridhie," akasema. "Mama yake alipofariki tulibaki wawili tu. Akisema hapana, Mama Kucha, mimi sitaweza. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuficha."

Nilikasirika siku nzima. Nimezeeka hivi halafu nikafanyiwe usaili na mtoto! Jioni hasira ikashuka, nikaona kwamba mwanaume anayemheshimu mwanawe kiasi hicho huenda na mke naye atamheshimu. Basi nikakubali kukaa kwenye mizani.

Huyo binti babake anamwita Bosi, tangu alipokuwa anatambaa na kuamrisha watu kwa kidole. Sasa ni mpimaji wa ardhi, anafanya kazi mji mwingine, na alikuwa anakuja likizo. Neno lake lingepita kwa shangazi yake, dada wa Fundi, na kutoka kwa shangazi lingefika kwa ukoo mzima kabla chai haijapoa. Shangazi huyo alikuwa ameshanipigia simu mara moja kunisalimia, akaniuliza umri wangu, dini ya babu yangu na kama nakoroma.

Siku ya kukutana nikavaa gauni la kijani, nikapanda ngazi hadi kwa Fundi ghorofa ya juu kabisa, maana lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa. Lifti ya jengo anamoishi fundi wa lifti! Mganga hajigangi. Nikafika juu nikihema, jasho limeharibu poda, na mlango ukafunguliwa na msichana mrefu mwenye miwani na nywele fupi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Lile neno "mwanangu" lilinitoka lenyewe, kama linavyonitoka kwa kila msichana anayeingia saluni. Niliona shingo yake ikikakamaa. Akanipokea mkoba, akaniketisha, akaniletea maji kwenye sahani, adabu zote, na baridi yote. Tukala. Akaniuliza nilianza lini kazi, nikamjibu. Nikamuuliza kupima ardhi kukoje, akanijibu. Fundi katikati yetu anatafuna kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Mwishowe akaona mambo hayaendi, akasema, "Bosi, hebu mwoneshe ndege yako."

Binti akasita. Halafu akapanda kwenye kiti, akashusha boksi kutoka juu ya kabati, na akaniwekea mezani kitu ambacho sijawahi kukiona nyumbani kwa mtu yeyote. Ilikuwa ndege ya plastiki, urefu wa mkono wangu, ile aina ya ndege inayotua majini, yenye tumbo kama mtumbwi. Haikuwa ya kuchezea. Ilikuja vipande vipande, vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye kijiti, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, na mtu anavikata, anavipiga tupa, anavigundisha kimoja kimoja. Ndani ya chumba cha rubani kulikuwa na viti. Viti vilikuwa na mikanda. Nilikodoa macho.

"Ama kweli, ukiona vyaelea vimeundwa," nikasema, na kwa mara ya kwanza yule msichana akatabasamu.

"Nilianza na mama," akasema. "Alikuwa anatengeneza meno ya bandia. Tupa zote za hapa zilikuwa zake."

Kuanzia hapo akafunguka kidogo. Akanionesha chupa ya gundi iliyo nyembamba kama maji, yenye kibrashi kwenye kifuniko. Hii haibandiki kama gundi nyingine, akasema, inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, ikikauka pande hizo zinakuwa kitu kimoja. Unabana vipande kwa vidole, unagusisha brashi kwenye mstari wa kiungo, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Akanionesha vioo vya madirisha, akasema hivyo usivisogelee na gundi ile kali ya kubandika viatu, mvuke wake tu unavitia ukungu. Alikuwa anaongea haraka, mikono inacheza, na Fundi kule upande wa pili wa meza ananikonyeza kama kijana. Nikasema moyoni, Mama Kucha, umefaulu.

Akanipa bawa moja nilishike. Lilikuwa peke yake, halijaunganishwa na mwili, halijapakwa rangi, wakati sehemu nyingine zote zilikuwa laini na safi. Nikaligeuza. Pembeni ya mstari wa kiungo palikuwa na doa, limekwaruzika kwa namna ya ajabu, kama gundi iliyokauka vibaya. Kazi nzuri yote ile, halafu doa!

Sasa mimi natembea na pamba na asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwenye mkoba. Ndiyo kazi yangu. Nikiona uchafu juu ya kitu kinachotakiwa kung'aa, mkono wangu unaondoka kabla sijauuliza. Bosi alikuwa amegeuka kumtafutia babake miwani, nami nikalowesha pamba, nikasema kwa sauti ya furaha, "Ngoja, dawa ya hii ninayo," nikalisugua lile doa kama ninavyosugua rangi iliyokauka kwenye kucha ya mwezi mzima.

Pamba ilinata. Nikavuta, ikatoka na nyuzi za plastiki. Pale palipokuwa na doa pakawa pameumuka, pamekunjamana, panang'aa kwa unyevu kama kidonda. Nikapuliza. Nikafanya jambo la kijinga zaidi, nikapagusa kwa kidole.

"Umefanya nini?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nilikuwa natoa doa," nikasema.

Alilichukua lile bawa mkononi mwangu, akalisogeza kwenye dirisha, akalitazama muda mrefu. Fundi naye akainuka, akatazama juu ya bega lake, na akasema kama wanavyosema wanaume wakitaka jambo liishe upesi: "Siyo neno. Tutanunua jingine. Boksi zima, jipya."

"Halikuwa doa," Bosi akasema. "Lilikuwa dole la mama."

Nikaelewa kabla hajaeleza, lakini alieleza, kwa sauti ileile ya chini. Mama yake alikuwa amelibana lile bawa kwa vidole, na Bosi, siku hizo bado yuko shule, ndiye aliyeshika brashi. Gundi ilikimbia ndani ya ufa, ikapita mpaka chini ya dole gumba la mama yake, ikayeyusha plastiki pale. Alipotoa mkono, mistari ya dole lake ikabaki imechapwa. Ni kosa la kawaida, kila anayefanya kazi hii limempata, dawa yake ni msasa. Mama yake alicheka, akasema watalisawazisha wiki ijayo. Wiki ijayo hakuwa na nguvu ya kukaa mezani, na baada ya hapo hakukaa tena.

"Nilikuwa naliacha," akasema. "Nilikuwa nikija nyumbani naliangalia."

"Basi ndiyo nasema tutanunua jingine, mwanangu, maduka yapo..."

Hapo ndipo nilipochemka. Nilikuwa nimekosa mimi, na aibu imenijaa hadi masikioni, lakini sikuvumilia.

"Fundi, hebu nyamaza!" nikamwambia. "Utanunua jingine lenye dole la mama yake? Wanaliuza duka gani hilo? Mtoto anakwambia nimemfutia mkono wa mama yake, wewe unamwambia habari za boksi jipya! Mimi nimeharibu, sina cha kujitetea. Lakini wewe usimfanye aone ni mdoli umevunjika."

Fundi akakaa. Mimi nikachukua mkoba wangu, nikamgeukia yule binti. "Nisamehe. Sikujua, lakini kutojua hakukurudishii kitu, hilo nalielewa. Na kuhusu lile jambo jingine, sema unachoona moyoni mwako. Sitakulaumu."

Nikashuka ngazi zote zile bila kushika chuma cha pembeni. Kwenye ghorofa ya kati nikakaa kwenye ngazi nikalia, na mama mmoja aliyepanda na kapu la nguo akanipisha bila kuniuliza. Kiherehere kimeniponza. Mwanaume mwema, nyumba yenye watu wawili wanaonijibu nikiongea, vyote vimekwenda na kipande cha pamba.

Kesho yake Fundi akapiga simu saluni. "Haongei," akasema. "Amekaa na lile bawa tu. Nijaribu kumwambia kwamba..."

"Usimwambie chochote," nikamkatiza. "Ukimshika mkono ili akubali, nitajua, na yeye atajua, na tutakula chakula kibaya maisha yetu yote. Akikataa amekataa."

"Na wewe?"

"Mimi nitapaka watu kucha. Nilikuwa nazipaka kabla hujabanwa na mlango."

Nikakata simu, nikaharibu rangi ya kidole cha mteja niliyekuwa naye. Alikuwa dada anayefanya kazi dirishani benki, anakuja kila wiki, hana subira kabisa. Nilikuwa bado naomba radhi mlango ulipofunguliwa na Bosi akaingia na boksi la viatu kwapani.

"Shikamoo."

"Marahaba." Safari hii sikuongeza kitu.

Akatazama meza yangu, zile tupa zote zimepangwa kwenye glasi, za njano, za kijivu, zile nene laini za kung'arishia. "Tupa za mama ni kali mno kwa hili, na kwa baba kumebaki msasa wa mbao tu," akasema. "Una tupa laini kuliko hizi?"

"Ninazo laini mpaka huwezi kuhisi kama zinakwaruza."

"Basi naomba nikae hapo." Akavuta kiti cha meza ya pili. Akafungua boksi, akaliweka bawa chini ya taa, na bila kunitazama akasema, "Lakini nina hasira na wewe. Nataka ujue."

"Ninajua. Kaa nayo, hapa nafasi ipo."

Dada wa benki akanyoosha shingo. "Hiyo ni kucha ya nani?"

"Ya jitu," nikamwambia. "Tulia, nikumalizie."

Nikadhani kazi itaanza palepale. Kumbe sivyo. Bosi alibonyeza lile kovu kwa ncha ya kijiti, akatikisa kichwa. Ndani bado mbichi, akasema. Asetoni imezama, juu pamekauka lakini chini plastiki bado laini, ukipiga tupa sasa utaivuta tu na kuichana. Lazima iachwe.

"Nina taa," nikasema. Ile taa yangu ya kukaushia kucha ndiyo fahari ya saluni, dakika chache tu rangi imekuwa jiwe. "Tuliingize humo."

"Plastiki haina taa."

"Feni basi."

"Haina feni. Inasubiriwa."

Loo! Mimi na kusubiri hatujawahi kuelewana. Lakini nikanyamaza. Bawa likakaa kwenye rafu yangu, mbele ya chupa za rangi, na kila nilipopita niliuma mkono wangu usiliguse. Bosi akawa anakuja. Anaingia, anasalimia, anabonyeza, anasema bado, na badala ya kuondoka anakaa. Siku ya kwanza alikaa kimya. Iliyofuata alinikosoa nilivyokuwa nashika tupa, eti naisukuma mbele na nyuma kama msumeno wakati kwenye ukingo inatakiwa iende upande mmoja. Nikamwambia mimi nilianza kushika tupa yeye akiwa anatafuna kola ya shati lake. Akasema umri wa kosa haulifanyi liwe sahihi. Dada wa benki, aliyerudi kurekebishwa kile kidole nilichokiharibu, alicheka hadi akagusa rangi mbichi, ikabidi nirudie, na sikumtoza hata senti.

Plastiki ilipokuwa ngumu tukaanza. Akakata vijiti vya ile fremu iliyokuwa imeshika vipande, akavitumbukiza kwenye kichupa changu kitupu cha rangi, akamiminia gundi. Vikayeyuka vikawa uji mzito wa rangi ileile ya bawa. Hiyo ndiyo puti bora ya kuzibia, akasema, kwa sababu ni plastiki yenyewe, ikikauka hakuna mpaka kati ya kiraka na kitu. Tukajaza kovu. Tukasubiri tena, jamani, tena! Halafu tupa, polepole, kisha msasa wa kulowesha majini, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja laini kuliko uliotangulia. Nikampa na kile kipande changu cha kung'arishia, na alipokipitisha pale mara chache akainua nyusi.

"Hiki ni kizuri," akasema.

"Hapa siyo kijiweni."

Nilipopapasa pale kwa kidole sikuhisi kitu. Laini kama shavu. Nikapiga makofi. Bosi hakupiga. Akalipeleka nje, akalipulizia rangi ya kwanza, ile praima ya kijivu, akalirudisha ndani.

Sijui kama umewahi kuona praima. Mimi nilidhani rangi kazi yake ni kuficha. Ile haifichi, inaumbua. Kijivu kile kilipokauka pale tulipojaza pakaonekana bonde, na pembeni yake mikwaruzo ya tupa, na mstari wa kiungo umepinda. Kila haraka yangu ilikuwa imeandikwa pale kwa herufi kubwa, maana kule ukingoni ndiko nilikomwomba anipe na mimi nisugue kidogo.

"Ala!" nikasema. "Mkundu wa..." na nikamalizia kwa neno ambalo siwezi kulirudia mbele ya watu wenye heshima.

Bosi akaniangalia. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akainama, miwani ikamdondoka, akacheka mpaka kicheko kikageuka, na mabega yakaanza kutikisika kwa namna nyingine, nikajua sasa analia. Nilitaka kumkumbatia. Nikajizuia, nikafunga mlango wa saluni nikageuza kibao, nikakaa kwenye kiti cha mteja mbele yake.

"Mama alikuwa anatukana hivyohivyo," akasema alipoweza. "Meno yakikataa kukaa sawa. Baba hajui. Alikuwa anatukana tukiwa wawili tu."

"Mwanamke mwenye akili."

Akajifuta, akavaa miwani. "Unajua kwa nini sijaimaliza ndege hii? Kila likizo naishusha. Nimepaka kila kitu, nimetengeneza hadi mikanda ya viti. Lakini bawa lile haliwezi kupakwa rangi bila kusawazishwa, na kulisawazisha ni kumfuta. Kila mara nachukua msasa, nafika karibu na pale, naweka chini." Akalishika lile bawa la kijivu. "Yeye mwenyewe alitaka lifutwe. Alisema wiki ijayo. Mimi ndiye nilikataa. Halafu ukaja wewe na pamba yako, na kwa muda uleule niliotaka kukuua, kuna kitu ndani yangu kikapumua. Hicho ndicho kilichonikasirisha zaidi. Nilitaka nikuchukie, na ungenijibu vibaya ningefurahi. Badala yake ukamfokea baba."

Nikasema ukweli. "Sikuja kukaa kwenye kiti chake. Siwezi hata kutengeneza jino. Nampenda baba yako, basi, na ningependa nikuzoee na wewe, ukitaka. Usipotaka nitakuwa nakuwekea chakula mezani nakupisha."

Akachukua kile kichupa cha uji wa plastiki, akakitikisa mbele ya taa kuona kama umebaki.

"Tunaanza upya," akasema. "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Ila msasa nitashika mimi."

"Shika, shika. Mimi nitakushikia bawa."

Tukaanza upya. Safari hii sikuharakisha, na nilipowashwa na mikono nilienda kupanga chupa. Praima ya pili ilipokauka, Bosi alilipitisha bawa mbele ya dirisha akilizungusha taratibu, na mwanga ukateleza kutoka ncha moja hadi nyingine bila kujikwaa popote. Hakuna aliyepiga makofi. Tuliliangalia tu.

Siku yake ya mwisho ya likizo akanipigia simu mwenyewe, siyo babake. "Njoo nyumbani, nahitaji mikono miwili ya ziada." Nikazipanda zile ngazi. Bawa lilikuwa limeshagundishwa mwilini, vibanio vya nguo na utepe wa karatasi vimelishikilia lisipinde, na meza nzima imetandikwa magazeti. Ilibaki rangi yenyewe. Alikuwa amechagua nyeupe juu na bluu chini kwenye tumbo linalogusa maji. Koti jembamba la rangi, akasema, halafu jingine jembamba, kamwe siyo moja nene, ikijaa inateremka machozi. Nikamwambia hilo angalau sihitaji kufundishwa. Nikavaa glavu, nikainua ndege kwa ncha mbili, moja mkia moja pua, na nikawa naizungusha kila aliponiambia zungusha. Fundi alipewa kazi ya kukaa mbali asitie vumbi. Alikaa mlangoni, mikono magotini, kama mtoto aliyeambiwa asubiri.

Tulikuwa tumefika kwenye bawa lile hasa ndipo simu ya Bosi ikaanza kulia kwenye kochi. Ikalia, ikakatika, ikalia tena.

"Baba, pokea, weka spika," akasema bila kuinua macho. "Nikiacha hapa rangi itaweka mstari."

Fundi akaipokea, na sauti ya shangazi ikajaa chumba kizima. "Wewe mtoto! Wiki nzima nangoja neno lako. Kesho unaondoka. Watu wananiuliza, nawaambia nini? Huyo mwanamke wa kucha umemwonaje? Sema, kama hutaki useme, mimi nitamalizana na kaka yangu."

Fundi alikuwa anahangaika na simu, anatafuta pa kuzima, vidole vyote vimekuwa dole gumba. Mimi siwezi kuondoka, siwezi kuziba masikio, nimeshika ndege mbichi hewani. Bosi aliendelea kupitisha brashi mpaka mwisho wa bawa, taratibu, akaiinua, akahakikisha hakuna tone.

"Shangazi," akasema, "nitakupigia baadaye. Mimi na mke wa baba tuna rangi mbichi mikononi."

"Na nani?" shangazi akauliza.

"Na mke wa baba. Umesikia vizuri. Waambie na hao wanaouliza." Akaniangalia juu ya miwani, uso umemwiva. "Shusha pua kidogo, bado tumbo. Usitetemeke."

Ningetetemeka vipi, mwanangu, wakati nilikuwa nimekuwa mti. Machozi yakaanza kunitiririka, yakafika kidevuni, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imebeba ndege. Nikageuza uso pembeni yasije yakadondokea rangi. Fundi akaitupa simu kochini, akasahau habari za vumbi, akaja akanifuta kwa mkono wa shati lake, shavu hili na shavu lile, huku binti yake akimfokea asogee, anamzibia mwanga.